Kochi, Mwambie Mwenye Mbao

4 Februari

Shikamoo Baba Mdogo,

Mimi mzima, ila mafua ya mji huu hayajui kuaga. Msalimie Mama Mdogo, mwambie lile shuka alilonipa bado linanitosha na halijachuja. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaijua mwenyewe. Usipoiweka sauti ya nje husikii kitu, na ukiiweka sauti ya nje karakana nzima inasikia, Baba akiwemo. Jambo lenyewe linamhusu.

Kazi ipo. Bado nahariri video za harusi kwenye kile chumba kisicho na dirisha. Juzi bibi harusi mmoja aliniomba nimpunguze wifi yake katika video. Nikamuuliza nimpunguze wapi, akasema kote.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mpango wa kuwasaidia watengenezaji filamu wachanga. Kila Juni wachache huchaguliwa kusimama mbele ya wataalamu: watayarishaji, wakuu wa vituo vya televisheni, watu wanaopanga matamasha. Unapewa dakika saba kunadi filamu yako ambayo bado haipo, kisha unaulizwa maswali. Ukiwashika, unapata mtayarishaji wa kukuvusha mpaka mwisho. Nimepeleka maombi mara kadhaa nikaishia mlangoni. Safari hii nimepita, na ni safari ya mwisho, maana mwakani nitakuwa nimevuka umri wao wa kuitwa kijana.

Filamu yangu haina waigizaji. Ni nyinyi wawili. Ndugu wa tumbo moja, karakana moja. Kaka anatengeneza fremu za makochi, mdogo wake anaweka sponji na kitambaa, na tangu mimi niko shule ya msingi hawasemezani. Wakitaka kuambizana kitu wanaliambia kochi.

Kila aliyeusoma mradi wangu ameuliza swali hilohilo: kwa nini hawasemezani? Baba sithubutu kumuuliza. Nakuuliza wewe.

Mwanao,
Maswali


27 Februari

Kwako Maswali,

Marahaba. Hilo jina nilikupa ungali unatambaa na naona hukuliangusha.

Sisi wazima. Mama yako mdogo wamempanga zamu za usiku pale hospitali, kwa hiyo jioni napika mimi. Sufuria mbili zimeshaaga dunia. Goti langu la kulia linanitangazia mvua mapema kuliko redio. Baba yako anakula, analala, anaranda mbao. Kikohozi kimempungua, najua kwa sababu nakisikia, si kwa sababu nimemuuliza.

Kuhusu filamu, sielewi ni nani atakayetoka kwake, avae viatu, aende kuwatazama wazee wawili wakigombea gundi. Lakini wewe ndiye uliyesoma mambo hayo, siwezi kukubishia.

Kuhusu swali lako, jibu ni hapana. Sababu ni mali ya watu wawili, na huyo wa pili siwezi kumwomba ruhusa ya kuitoa, kwa sababu hatusemezani. Unaona nilivyofungwa.

Wiki iliyopita alikuja mteja mgeni, mwalimu, kuchukua kochi lake. Baba yako akalitazama, akasema, "Kochi, mwambie mwenye kitambaa mshono wa nyuma umekwenda upogo." Mimi nikasema, "Kochi, mwambie mwenye mbao upogo ni wa fremu, mshono umeufuata tu." Yule mwalimu akaligeukia kochi akalisubiri lijibu. Kisha akalipakia kwenye gari haraka haraka, bila hata kulikalia kwanza. Wateja wetu wa zamani wamezoea. Wengine huleta ugomvi wao wa nyumbani wakalieleza kochi na wao.

Hilo liweke kwenye filamu yako kama linafaa. Lile jingine liache.

Baba yako mdogo


19 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Pole na masufuria. Mama Mdogo namwonea huruma zaidi ya sufuria.

Mafua yameisha. Kila Jumamosi sasa tunakwenda mazoezini. Mwalimu wetu ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni. Ameuza filamu kuliko mimi nilivyozitazama, na hacheki ovyo. Tuko kumi na wawili. Mmoja filamu yake inamhusu mwosha maiti anayepiga kinanda. Mwingine anamfuata refa wa kike aliyewahi kufukuzwa uwanjani na timu zote mbili. Kabla ya kuingia darasani kila mtu anasimama kwenye korido akijizoeza maneno yake mbele ya ukuta. Ukipita unadhani umeingia wodi ya wagonjwa wa akili. Mimi nilijisikia nyumbani kabisa.

Mwalimu amenisikiliza mara tatu. Anapenda kochi, anapenda yule mteja aliyelisubiri lijibu. Akishamaliza kucheka, kucheka kwake ni pua tu kutanuka, ananiambia, "Una hali, huna kisa. Watu wawili hawasemezani, hiyo ni hali. Kilichowanyamazisha ndicho kisa." Anasema wataalamu hawatakubali kusikia kwamba sijui. Watu wa damu yako, utashindwaje kujua?

Kwa hiyo narudi kwako na bakuli langu. Kama huwezi kunipa sababu nzima, nipe nusu. Ilikuwa ile nyumba ya Babu? Ilikuwa kazi, mmoja alimzunguka mwenzake? Ilikuwa Mama? Sikuombi maelezo. Niandikie ndiyo au hapana tu, mimi nitajua la kufanya.

Mwanao,
Maswali


6 Mei

Kwako Maswali,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Tulipata oda ya viti vya chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Alitaka viti laini vya kuwatuliza wagonjwa, lakini visiwe laini sana wakasinzia. Nimekata sponji mpaka naiota. Baba yako alinichorea chaki kwenye kila fremu, msalaba penye msumari na duara pasipoguswa, kama kawaida yake. Nikajibu kwa chaki. Kazi ilitoka vizuri mno, daktari alikaa juu ya kiti akafumba macho.

Mama yako mdogo amerudishwa zamu za mchana. Sufuria zilizobaki zinamshukuru Mungu.

Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika, sitakudanganya. Ulinitajia mambo matatu. Siandiki ndiyo wala hapana. Nikikwambia hapana kwa mawili, la tatu limejijibu lenyewe, na ukiwa na neno moja mkononi najua utalivuta mpaka litoke na mizizi.

Wakikuuliza, waambie hujui. Kutojua si aibu. Mimi mwenyewe kuna siku nalala nikijiuliza kama nakumbuka vizuri.

Na mama yako mwache apumzike.

Baba yako mdogo


24 Juni

Shikamoo Baba Mdogo,

Wote hamjambo? Nilisikia kwa binamu kwamba goti limekusumbua tena. Ukae, usijikaze.

Tumekwisha kunadi. Nikueleze tu palivyokuwa. Ukumbi mkubwa, viti vya zambarau, baridi ya kiyoyozi ya kukausha midomo. Chini ya jukwaa, karibu na miguu yako, kuna saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma. Wataalamu watano mezani, kila mmoja na chupa ya maji na kalamu, na nyuma yao watu wa kawaida waliokuja kutazama. Mwenye mwosha maiti alitangulia, akatetemeka, lakini alimaliza. Mwenye refa aliishiwa na muda katikati ya sentensi, wakamkatia maikrofoni.

Mimi nilianza kwa kionjo, ile dakika moja niliyowarekodi kwa simu siku ya mwisho nilipokuja. Kochi katikati, Baba huku, wewe kule. Walicheka. Halafu kicheko kikafa chenyewe, wakabaki wanawatazama tu. Nilijua nimewashika. Baba Mdogo, sijawahi kujisikia vile.

Mzee wa televisheni akauliza, "Kwa nini hawasemezani?" Mama mmoja wa matamasha akauliza, "Na mwishoni watasemezana?" La pili nilisema ndiyo, na kamera yangu itakuwepo. La kwanza nililijibu pia. Hayo tuyaache.

Nimechaguliwa. Nimepewa mtayarishaji, mtu mpole wa maneno machache. Septemba tutakuja: yeye, mpiga picha, mtu wa sauti na mimi. Kinachotakiwa kwanza ni idhini yenu kwa maandishi, yako na ya Baba. Nisaidie kumweleza. Au liambie kochi.

Mwanao,
Maswali


16 Julai

Marahaba. Nyumbani wote wazima. Salamu ziishie hapo.

Alhamisi alikuja yule dereva wa teksi anayeshonewa viti na mimi. Kaingia anacheka, simu mkononi, "Wazee, mmekuwa nyota! Mko mtandaoni!" Akaiweka juu ya kochi tulilokuwa tunalimalizia, akaipandisha sauti. Baba yako alikuwa na randa upande wake, mimi na mkasi upande wangu. Tukajiona. Sitakuficha, tulicheka, kila mtu peke yake, bila kutazamana.

Kisha tukakuona wewe jukwaani, tukasikia unaulizwa. Kisha tukasikia sauti yako: "Baba yangu na mdogo wake walimpenda mwanamke mmoja. Mwanamke huyo ni marehemu mama yangu."

Dereva aliacha kucheka. Akachukua simu yake, akasema atarudi kesho kuhusu viti.

Baba yako huilaza randa ubavu siku zote ili makali yasiguse meza. Siku hiyo aliiweka wimawima. Akanitazama mimi. Si kochi, mimi. Akasema, "Umesikia alichosema mwanao?"

Nikasema, "Nimesikia. Ila ni mwanao kwanza."

Kisha akauliza, "Ni kweli?"

Maswali, hapo ndipo nilipokukasirikia. Si kwa kunitia mimi vinywani mwa watu, hilo litapita. Nimekukasirikia kwa sababu yule mzee aliishi na mama yako vizuri, akamuuguza vizuri, akamzika, na sasa amesimama katikati ya vumbi la mbao ananiuliza mimi kama ni kweli. Nikamwambia, "Kaka, mke wako nilimwita shemeji siku ya kwanza na siku ya mwisho." Akakaa juu ya fremu isiyo na sponji, akajifuta uso kwa aproni.

Tulifunga mapema. Tulizungumza. Tulichozungumza si chako. Tangu siku hiyo tunasemezana, na ningekuwa mwongo nikisema nimebaki na hasira peke yake.

Uliwahi kuniomba ndiyo au hapana. Kwa lile la mama yako, jibu ni hapana. Ungengoja.

Baba yako mdogo


28 Julai

Shikamoo Baba Mdogo,

Sina habari za kutanguliza. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, na nilipomaliza nilikuwa bado nimesimama.

Nisamehe. Sikupanga. Neno "sijui" lilikuwa mdomoni tayari. Lakini mzee wa televisheni alikuwa ameshafunika kalamu yake, na ile saa nyekundu inakimbia, na nikaona miaka yangu yote inarudi kwenye kile chumba kisicho na dirisha. Nikasema neno la kwanza lililofanana na kisa. Mama alikuwa hayupo wa kunikanusha. Nimeliandika hilo hapa ili ujue kwamba nalijua. Baba bado sijampigia. Namwogopa, na namwonea haya.

Sasa nitaandika jambo jingine, na ukitaka kuichana barua hii ukifika hapa, ichane.

Nilimweleza mtayarishaji kwamba mnasemezana. Sikumwambia ilivyotokea. Akasema hilo lilitakiwa litokee mbele ya kamera, kwa sababu ndilo nililowaahidi wataalamu. Bila ukimya hakuna filamu, kuna karakana tu. Akaniuliza kama kuna njia.

Je, mnaweza kunyamaza tena mpaka Septemba? Tupige picha siku chache mkiwa kimya, kisha msemezane tukiwepo. Najua ninachoomba. Nimekiandika nikakikata, nikakiandika tena. Nimefurahi kwamba mmepatana, kwa haki ya Mungu nimefurahi, nimelia kwa furaha, na nilipomaliza kulia nikaona kwamba nimeharibikiwa. Vyote viwili viliingia moyoni siku moja na sijui kimoja nikipeleke wapi.

Nakusubiri.

Mwanao,
Maswali


22 Agosti

Kwako Maswali,

Marahaba. Ukimya wangu haukuwa wa kukukomoa. Tulikuwa tunajaribu.

Ombi lako nilimsomea baba yako. Mimi nilikuwa wa kukataa papo hapo. Yeye ndiye aliyesema, "Mtoto ana nafasi moja tu. Kunyamaza tunakujua, kwani kuna kazi gani?" Tukajadiliana siku nzima. Ilibidi tusemezane sana ili tukubaliane kutosemezana.

Tukaanza Jumatatu. Akaingia, hakunisalimia. Vizuri. Nami nikavuta kitambaa changu kimya. Akakata mguu wa kochi, akausimamisha, ukayumba. Nikasema, "Kochi, mwambie mwenye mbao…" na sikumaliza. Niliisikia sauti yangu jinsi ilivyo ya kuigiza. Yeye akainamisha kichwa, mabega yakaanza kucheza, akapasuka kwa kicheko mpaka akashika meza. Tukashindwa kabla ya chai.

Jumanne tukajaribu tena, kwa dhati. Tulifika mbali kidogo. Kisha patasi ikamteleza ikamkata kidole, nikapiga kelele "Kaka!" kabla sijaikumbuka filamu yako. Nilipokuwa namfunga kitambaa akasema, "Basi, tuache. Huyu mtoto tutamwambia tumeshindwa."

Kwa hiyo nakwambia: tumeshindwa. Tuwie radhi. Zamani ukimya ulikuwa unakuja wenyewe, hatukuufanyia kazi. Sasa tukiuita hauji.

Idhini hatutoi. Si adhabu, mwanangu. Hakuna tena cha kupiga picha. Wazee wawili wanazungumza kuhusu bei ya gundi na nani kahamisha chaki.

Na ile sababu tumeitoa, mimi na yeye, tukaiweka kati yetu tukaitazama. Ilikuwa ndogo, Maswali. Ndogo mno. Hatukuwahi kuisema kwa sababu ya udogo wake. Kila mwaka uliopita ulituongezea aibu ya kuitaja. Wewe ulitutungia kubwa, ya kufaa jukwaani. Yetu isingekupatia hata chupa ya maji ya wale wataalamu.

Nampisha kaka yangu, ananipokonya kalamu.

*

Hapa anaandika baba yako. Kidole kimefungwa, herufi utazivumilia.

Mama yako hakugombewa na mtu. Alikuwa mke wangu, akawa shemeji wa huyu, na sote wawili tulimheshimu. Nenda kwa wale watu uliowaambia vingine, uwaambie hivyo kwa mdomo uleule, hata kama watakufungia mlango. Najua watakufungia. Najua ulivyoisubiri nafasi hiyo, nami inaniuma kuliko unavyodhani. Nenda hivyo hivyo.

Nimekukasirikia sana. Siku ile nilimtilia mashaka mtu ambaye amelala kaburini na hawezi kunijibu, na ni wewe uliyenifikisha hapo. Na siku hiyohiyo nikampata mdogo wangu, na ni wewe tena. Nimejaribu kuitenga hasira na lile jingine, haitengeki.

Panda basi uje. Nina maneno mengi ya kukugombeza, mengine makali, na utayasikia yote kutoka kwangu mwenyewe. Nimeshachoka kumtuma mtu au kitu kuwafikishia watu wangu maneno.

Baba yako